Bakuli la Wenye Gari

Mpaka leo huliota gari lile. Huja peke yake, jeupe, halina dereva, likipita polepole kwenye njia ya mchanga nyuma ya nyumba yetu hapa Mwabungo, madirisha yote wazi, na ndani mwake mnanukia udi. Halisimami. Nami humo ndotoni siogopi wala sishangai. Najiambia tu kwamba wenyewe watakuwa wanalitafuta, kisha naamka nikitamani vitumbua.

Habari yake ya mchana ni fupi kuliko ndoto. Lilikuwa gari dogo la kukodi, la kampuni moja ya pale Ukunda, na nililichukua ili nimpeleke mama yangu akarudishe kikapu.

Kikapu chenyewe kilikuwa cha mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, anayekaa mbele ya Msambweni, ukishavuka mto Ramisi. Mama alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, akapasuliwa, akarudi nyumbani na fimbo pamoja na hasira zake zote. Habari zilipomfikia mama mdogo, alimpa mpita njia kikapu cha mabungo atuletee, na salamu. Hakuja mwenyewe. Asingeweza kuja. Yeye na mama walikuwa hawajakanyagiana kizingiti tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

Sababu ilikuwa pilau. Ukimwambia mtu atacheka, na mimi mwenyewe nacheka, lakini sicheki mbele yao. Kwenye arusi moja ya ukoo wetu mama mdogo alikabidhiwa masufuria, na bahati yake mbaya kuni zilikuwa mbichi, mchele ukabaki na kiini. Mama alionja tonge moja, akalitafuna kwa utaratibu, akasema kwa ile sauti yake isiyohitaji spika, "Mdogo wangu, leo umetupikia changarawe." Wanawake wa uwanja mzima waliangua kicheko. Mama mdogo aliweka mwiko chini, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka, na pilau ile ikapakuliwa na watu wengine.

Mama hana ubaya. Ni mtu tu asiyeweza kumeza neno. Likishamfika mdomoni lazima litoke, awepo mgeni, asiwepo. Nami nimemrithi, na wenye nyumba za wageni kule Diani ninaowashonea mapazia wanalijua hilo vizuri.

Sasa, kwetu chombo kikija na kitu hakirudi kitupu. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha, tumekua tukiona. Jirani akikuletea bakuli la mchuzi, bakuli linarudi na sukari, au ndimu mbili tatu, au hata chumvi kama siku hiyo ndani hamna kitu. Kulirudisha likiwa tupu ni kama kumwambia mwenzako kwamba yameisha. Kwa hiyo mabungo yalipokwisha kuwa juisi, kikapu kilining'inia msumarini na mama akawa anakitazama. Alikitazama akinywa chai. Alikitazama akivuta tasbihi. Mimi nilinyamaza, maana nilijua yanayopita kichwani mwake. Asubuhi moja akasema, bila kunigeukia, "Nitakirudisha mwenyewe."

Nyonga yake isingeweza kupanda matatu, na teksi hakuitaka. "Sitaki dereva wa watu asikilize mambo yetu," alisema. "Wewe si una leseni?" Leseni ninayo. Niliipata ukubwani, kwa machozi, na tangu hapo ilikuwa imelala kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

"Gari iko na insurance, madam, usijali," aliniambia dada wa ofisini, msichana wa bara, mpole, mwenye kucha ndefu zilizogonga kompyuta kama mvua ya rasharasha. "Ni comprehensive. Kitu ikifanyika, wewe unabeba excess peke yake."

Nikamwuliza hiyo excess ni mnyama gani. Akanieleza kwamba bima haianzi kulipa kutoka shilingi ya kwanza. Kuna kiasi cha mwanzo ambacho aliyekodi hujibebea mwenyewe, ndipo bima ichukue kilichobaki. Akasema pia kwamba likitokea lolote nisiguse kitu, nimpigie simu kwanza, kisha niende polisi nikaandikishe. Nikaitikia yote. Nikaacha amana niliyoambiwa, nikatia sahihi palipochorwa alama, na muda wote huo nilikuwa namtazama mama kupitia kioo cha ofisi. Alikuwa ameketi kivulini, tuktuk ilipotushusha, na kikapu mapajani, kimejaa doti ya kanga, tende, sukari na majani ya chai. Alikuwa amejipaka wanja.

Safari ile ningependa niirudie hata kesho. Mama alikataa ubaridi wa mashine, akafungua dirisha akasema anataka upepo wa Mungu, na buibui lake likawa linapepea mpaka usoni kwangu. Tulipopita stendi ya Mwabungo aliinamisha kichwa majirani wasimwone, kisha akabadili mawazo akawapungia mkono wote, hata wasiotutazama. Malori ya kwenda Lunga Lunga yalitupita yakitupigia honi, nami sikujali. Niliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mikorosho ilipita, miembe ikapita, na mbele yetu lami iling'aa kama imemwagiwa maji, ukiyakaribia yanahamia mbele. Mama alikuwa anasinzia na kuzungumza kwa wakati mmoja. Alisema habari za utotoni, yeye na mdogo wake wakilala chini ya kanga moja, kila mmoja anaivutia kwake, mpaka asubuhi wanakuta imechanika katikati na hakuna aliyekubali kosa. Sijui alikuwa ananiambia mimi au anakiambia kikapu.

Mama mdogo alikuwa amesimama uwanjani kabla hatujazima gari. Alikuwa amepungua, au pengine mimi nilimwacha mkubwa mno kichwani mwangu.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyonga yaendeleaje?"

"Yaendelea."

Basi. Hapakuwa na kukumbatiana. Nilimwamkia na mimi, akaniitikia, akageukia gari upesi kama mtu aliyepata pa kushika. "Liweke hapa kivulini, mwanangu," alisema akinionyesha chini ya minazi. "Gari la watu lisipigwe na jua." Alikuwa na haya ya kulitazama gari lile, akawa analizunguka kwa mbali kama mgeni wa heshima.

Mchana ule ulikuwa mgumu kuliko nilivyotazamia. Kikapu kilipokewa vizuri, kanga ikakunjuliwa na kusifiwa, kisha maneno yakakauka. Tulikaa mkekani. Walisema habari za mvua, wakasema za bei ya korosho, wakarudi tena kwenye mvua. Ndipo chakula kikaja, na chakula kilikuwa wali wa nazi. Nilimwona mama mdogo akilitua sinia mbele ya mama. Hakula. Alikuwa anamtazama dada yake. Mama alikata tonge, akalitafuna kwa utaratibu, kama siku ile. Akameza. Akafungua mdomo aseme neno.

Nazi ikaanguka.

Sijapata kusikia kishindo cha namna ile. Tulitoka mbio, hata mama na fimbo yake, tukakuta nazi kavu imeviringika mpaka mlangoni pa jiko, na boneti ya gari imebonyea katikati, shimo la kutosha kukalia paka, rangi imebanduka kuizunguka. Mkwezi alikuwa ameahidi kuja kuangua nazi zile akaugua, na zilikuwa zimekaa huko juu zikisubiri siku yao.

"Alhamdulillahi haikumpata mtu," alisema mama.

Mama mdogo alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. Ni yeye aliyenionyesha pa kuegesha.

Nikatoa simu. "Mama mdogo, wenyewe walisema jambo likitokea tusiguse, tuwapigie kwanza."

Akanigeukia na macho makavu. "Kitu cha watu kimeharibikia uwanjani kwangu, wewe utake kuwapigia simu uwaambie nini? Kwamba mmefika kwangu mkaharibikiwa, nikakaa nikatazama?"

Nilimtazama mama. Mama alinitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha nzi kutua. Nikairudisha simu mkobani. Nilijua nilichofanya, na wala sijutii. Walikuwa wamesimama bega kwa bega, wote wawili upande mmoja, dhidi yangu. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuwaona hivyo tangu arusi ile.

Mama mdogo alimwita fundi wa bodi za magari anayetengeneza malori barabarani, mtu mnene mwenye nyundo ya mpira, akamkabidhi kazi kwa masharti kama anayejenga msikiti. Fundi akasema rangi itataka kulala ikauke. Kwa hiyo tukalala. Mchana mzima uliobaki nilijinyoosha ukumbini nikiwa nusu macho nusu usingizini, nyundo inagonga nje taratibu, na nyuma ya pazia la chumbani nasikia sauti za wazee wangu wawili. Sikuyashika maneno. Zilikuwa sauti tu, moja inapanda, nyingine inashuka, mara kimya, mara kicheko cha puani. Jua lilihama kutoka mguu wangu wa kulia hadi wa kushoto. Nilitamani fundi asimalize.

Asubuhi nilimkuta mama mdogo ameinama ndani ya gari na chetezo. Alikuwa ameliosha lote mwenyewe, mpaka matairi, amenyunyiza marashi kwenye viti, na sasa analifukiza udi, madirisha yamefungwa ili moshi uingie vizuri, kama anavyofukizwa bibi arusi. Boneti ilikuwa imenyooka. Rangi ilikuwa nyeupe, ila gari lilikuwa na weupe wa chaki na fundi alipaka weupe wa maziwa. Kisha akaja na bakuli la bati lenye maua mekundu, limejaa vitumbua vya moto, limefunikwa kitambaa, na chupa ya achari ya embe.

"Hivi ni vyetu?" nilimwuliza.

"Vya wenye gari," alisema, akishangaa ninavyouliza. "Wamekuazimeni chombo chao."

Fundi alilipwa na yeye. Nilipotaka kutoa pesa alinikata jicho ambalo sitalisahau. Na tulipoondoka, mama na mdogo wake walishikana mikono kupitia dirishani mpaka gari likawa linatembea, na mama mdogo anatembea nalo, na mimi sithubutu kukanyaga mafuta.

Njiani nilimwuliza mama alikuwa anataka kusema nini wakati nazi inaanguka.

"Chumvi," alisema. "Ilikuwa imezidi."

Nilisimamisha gari pembeni nikacheka hadi machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaona ni jambo la kweli, na kwamba nazi imemdhulumu.

Ofisini dada yule alilizunguka gari mara moja tu. Akasimama mbele ya boneti, akainama, akapitisha ukucha wake pale weupe wa chaki unapokutana na weupe wa maziwa. Akafungua mlango. Udi ukampiga usoni. Juu ya kiti cha nyuma chupa ya achari ilikuwa imelala ubavu, na mafuta yake ya manjano yalikuwa yamechora ramani.

"Madam," alisema polepole, "tangu nianze kazi hapa, sijawahi rudishiwa gari hivi."

Mimi nikadhani ni sifa. Nikaliweka bakuli la vitumbua mezani kwake. "Mama mdogo amewaletea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mmetuazima gari."

"Lakini si mmelipia?"

Nikalisogeza bakuli karibu yake zaidi. Alipiga picha, akapiga simu, akazungumza Kiingereza kingi na mtu aliyekuwa mbali, kisha akaniketisha. Hakuwa na jeuri, nataka nimsemee kweli. Alinieleza kama daktari anayeeleza ugonjwa. Kwamba shimo la nazi lingeachwa lilivyo, na mimi nikapiga simu, na polisi wakaandika, bima ingelishughulikia na mimi ningebeba kile kiasi cha mwanzo tu. Lakini boneti ilikuwa imeguswa na fundi wasiyemtambua, kwa hiyo bima imejitoa. Rangi ile itabidi ikwanguliwe ipakwe upya, na nitailipia. Siku ambazo gari litakaa gereji bila kukodishwa, nitazilipia. Mtu wa kuja kulikagua, nitamlipia. Siku ya pili niliyolala nalo, nitailipia. Kiti na harufu, kulisafisha, nitalipia.

"Kwa hiyo lingeachwa na shimo," nilisema, "ningelipa kidogo. Kwa kuwa limetengenezwa, nalipa kingi."

"Ndiyo hivyo, madam. Hata mimi najua inakaa vibaya."

"Na ningeenda polisi nikamshitaki nani? Nazi?"

Akacheka, kisha akajizuia. Ndipo akanisogezea karatasi. Kulikuwa na njia moja ya kunipunguzia, alisema. Kama aliyetengeneza si mimi, bali ni mtu mwingine aliyeamua bila ruhusa ya kampuni, niandike jina lake na simu yake, nao watamfuata yeye. Sehemu kubwa ingetoka mabegani mwangu.

Nilitembea kutoka pale hadi stendi damu inanichemka. Nasema kweli, sikuwa na hasira na kampuni. Nilikuwa na hasira na vitumbua, na udi, na heshima zetu zote tunazozibeba kichwani kama mtungi mpaka shingo zinapinda. Amana yangu ilikuwa imekwenda na nilidaiwa juu yake, na ile kazi ya mapazia niliyokuwa nimeimaliza Diani ililiwa hapo hapo. Karatasi ilikuwa mkobani. Jina moja na namba ya simu, yamekwisha. Akilini nilimwona mama mdogo akipigiwa na sauti ya Kiingereza kingi. Nilimwona akiweka simu chini kama alivyouweka ule mwiko.

Nilikuwa nimepanga kumficha mama. Nilifika barazani, akaniuliza, "Waliridhika?" na yote yakanitoka, maana nimeshasema nimerithi kwa nani. Nilimweleza mpaka ramani ya achari. Nilimweleza mpaka alichosema yule dada, na jinsi nilivyodhani ni sifa. Nilipomaliza ndipo nikaogopa. Simu yake ilikuwa pale pale kwenye mkeka, na mama, akishikwa na neno la kweli kuhusu kosa la mdogo wake, hajapata kulala nalo hata siku moja. Angempigia sasa hivi. Angemwambia, mdogo wangu, fundi wako ametutia hasara. Ingekuwa kweli tupu, na ingekuwa ndiyo mwisho wao.

Midomo ya mama ilikuwa inacheza, nikaliona neno limefika na linagonga mlango. Akameza. Nililiona koo lake likishuka na kupanda.

"Na bakuli liko wapi?" aliuliza.

"Bakuli gani?"

"La mdogo wangu. Umeliacha kwao?"

Nilikuwa nimeliacha kwao.

"Kesho ukalichukue," alisema. "Na jina la mdogo wangu usiliandike popote."

Kesho yake nilirudi Ukunda. Kwenye karatasi, palipoulizwa nani alitengeneza, niliandika: Sisi.

Dada aliisoma. "Sisi ni nani?"

"Sisi. Wa nyumbani."

Akaiweka karatasi pamoja na nyingine. Bakuli lilikuwa mezani pale pale mbele yake, limejaa funguo za magari. Alisema vitumbua vilikwisha siku ile ile, kwamba hata dereva wao asiyekula vitu vitamu alikula, na akaniuliza vinatiwa nini. Nikamwambia iliki. Akamimina funguo kwenye droo, akalipangusa bakuli kwa shashi, akanipa. Tupu. Nilikasirika kidogo kisha nikakumbuka kwamba kwao pengine haiko hivyo. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Madam, ile ya harufu nimetoa. Harufu yenyewe ni poa tu."

Deni lililobaki nililipa kidogo kidogo, kwa mapazia na mashuka, na kila nilipotuma nilinung'unika kwa sauti ili mama asikie. Hakunijibu hata mara moja.

Mama mdogo alikuja msimu wa korosho. Alishuka kwenye tuktuk mwenyewe, amevaa ile kanga tuliyompelekea, akasimama nje ya kizingiti chetu kama aliyesahau namna ya kukivuka.

"Ingia," alisema mama kutoka ndani. "Mlango hauna meno."

Akaingia. Nilimwandalia chai. Walikaa mkeka mmoja, miguu imenyooshwa, na nyayo zao zilikuwa sawasawa kabisa, kisigino hadi dole gumba, jambo ambalo sikuwa nimelitambua. Upepo ulikuwa unapita dirishani na kutoka mlangoni bila haraka. Nikawa nimeanza kusinzia, ndipo mama mdogo akaliuliza swali nililokuwa nikiliogopa miezi yote ile.

"Wale wenye gari, walisemaje?"

Mama akajibu kabla yangu.

"Walisema tangu waanze kazi yao hawajarudishiwa gari namna ile."

Mama mdogo aliinamisha uso, akajivuta kanga begani. Nilimwona anavyotabasamu kwa kujizuia. Ilikuwa kweli tupu, wala mama hakuongeza neno.

"Na bakuli lako wamelirudisha," mama akaendelea.

Hapo nilimgeukia. Aliniashiria kabati kwa kidevu. Bakuli la maua mekundu lilikuwa mle, limefunikwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na mkate wa sinia. Sasa nikajua kwa nini alikuwa ameniamsha alfajiri akanituma makaa, na kwa nini alinifukuza jikoni. Mama si mwokaji. Na kwa nyonga ile hakuweza kuinama kuutazama moto. Mkate ulikuwa umeungua juu, mweusi kama sufuria, umenyanyuka upande mmoja.

"Wenye gari wamekutumia," mama alisema, macho yako kwenye nyayo zake. Mama yangu, ambaye sijapata kumsikia akidanganya hata mtoza ushuru.

Mama mdogo aliufunua. Aliutazama sana. Iliki ilikuwa imejaa chumba kizima, iliki nyingi kupita kiasi, na hakuna mtu pwani hii anayezidisha iliki hivyo isipokuwa mmoja, na mdogo wake amelishwa na mkono huo tangu hana meno. Akabandua ule weusi kwa kucha, kipande kwa kipande, akauweka pembeni ya kisahani. Akamega. Akatafuna kwa utaratibu. Mama hakupumua, na mimi sikupumua.

"Umeiva," alisema mama mdogo. "Wenye gari wanajua kuoka."

"Wanajua," mama alijibu, na sauti yake isiyohitaji spika haikusikika vizuri. Nilijifanya nakwenda kuongeza chai nikalia jikoni.

Jioni mama mdogo aliondoka na tuktuk yake, akalisahau bakuli mezani. Mama mdogo hasahau kitu. Tangu hapo limekaa juu ya kabati, tupu, limeoshwa, na mama ana zamu zake za kulitazama. Jana aliniuliza kama leseni yangu bado ina uhai. Nikamwambia inayo, ila safari hii tutaegesha juani.